Elfu Mia Mbili na Tano

"Elfu mia mbili na tano" ni namba mbili zinazotamkwa kwa maneno yale yale. Anayeagizwa kwa simu kutuma fedha anaweza kuandika 205,000. Aliyeketi naye, akisikia sauti hiyo hiyo, akaandika 200,005, na hakuna kati yao aliyekosea Kiswahili. Wa kwanza amefunga "mia mbili na tano" pamoja, kisha akazidisha kwa elfu: 1,000 × (200 + 5). Wa pili amezidisha elfu kwa mia mbili, ndipo akajumlisha tano: 1,000 × 200 + 5. Tofauti ni shilingi 4,995. Wazungumzaji wamezoea kujiokoa. Husema "laki mbili na elfu tano", au huvuta pumzi mahali panapostahili, au huulizana palepale: elfu tano au tano tupu? Mdomo una njia nyingi za kufunga maneno. Karatasi ina mabano.

Katika shule za msingi jambo hilo hilo huja kwa jina zito zaidi: kutafuta thamani ya mtajo wa aljebra. "Tafuta thamani ya 3a + 2b ikiwa a = 4 na b = 5." Kazi ni mbili tu, kuweka namba mahali pa herufi, kisha kufanya matendo ya hesabu kwa mpangilio uliokubaliwa. Ni kazi fupi. Hata hivyo, daftari baada ya daftari hurudi na alama nyekundu, na wazazi huambiwa mtoto "hana kichwa cha hesabu".

Kauli hiyo si ya haki. Makosa mengi ya eneo hili hayatokani na ugumu wa aljebra. Yanatokana na mabano yanayodondoshwa wakati namba inaingia mahali pa herufi, na yanatokana na MAGAZIJUTO, kifupisho cha mpangilio wa matendo, kufundishwa kama wimbo wa kukariri ambao nusu ya maana yake imeachwa. Yote mawili yanarekebishika kabla mtoto hajamaliza darasa la saba. Yasiporekebishwa, gharama yake hubebwa baadaye na kaya, kwa shilingi halisi.

Herufi si embe

Kosa la kwanza hujitokeza mapema. Swali: tafuta thamani ya 2x ikiwa x = 5. Jibu la mwanafunzi: 25. Hakuzembea. Ametii alichoambiwa, "ondoa x, weka 5", akaondoa, akaweka, na 2 ikabaki jirani na 5. Tangu darasa la kwanza amefundishwa kwamba 2 ikikaa kushoto kwa 5 ni makumi mawili na mamoja matano. Nani alimweleza kwamba katika aljebra ujirani wa namba na herufi ni kuzidisha kulikofichwa? 2x ni 2 × x. Nayo xy ni x × y. 3(a + b) ni 3 × (a + b). Alama ya kuzidisha inafanana mno na herufi x, na kuiacha kunaepusha mkanganyiko huo. Lakini namba inaporudi mahali pa herufi, alama iliyofichwa nayo lazima irudi: 2 × 5, yaani 10.

Kosa la pili huletwa na nia njema. Ili kulainisha somo, darasa huambiwa kwamba 3m + 2n ni maembe matatu na mananasi mawili. Mfano huo husaidia kukusanya mitajo inayofanana, kwa kuwa maembe matatu na maembe manne ni maembe saba, na 3m + 4m ni 7m. Siku ya kuweka namba, mfano unavunjika. Ikiwa m ni embe, basi m = 500 ina maana gani? Embe ni mia tano? Herufi m haikuwa embe hata mara moja. Ni namba, bei ya embe moja kwa shilingi, na n ni bei ya nanasi moja. Embe likiuzwa 500 na nanasi 2,000, mtajo 3m + 2n unakuwa 3(500) + 2(2,000), yaani 1,500 + 4,000, yaani 5,500. Wiki ijayo embe likipanda hadi 700, mtajo haubadiliki hata herufi moja. Namba tu ndiyo inayobadilika, na jumla inakuwa 6,100. Mtajo mmoja unamhudumia muuza matunda msimu mzima. Mtoto aliyeambiwa kwamba m ni embe hawezi kuiona faida hiyo, maana embe halipandi bei kwa kuwa embe.

Wazo la kutumia herufi badala ya namba halikupatikana kwa siku moja. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, hakutumia herufi kama hizi. Alieleza kila hatua kwa maneno matupu, kama mtu anayesimulia. Neno lake, al-jabr, lina maana ya kurudisha au kuunga kilichovunjika. Ilipita zaidi ya miaka 700 ndipo Mfaransa François Viète, mwaka 1591, akaweka irabu kwa namba zisizojulikana na konsonanti kwa zinazojulikana. Na mwaka 1637 René Descartes akaanzisha desturi inayofuatwa hadi leo, herufi za mwanzo kama a na b kwa zinazojulikana, na x, y, z kwa zinazotafutwa. Hatua iliyowachukua wataalamu karne saba haistahili kupewa kipindi kimoja cha dakika arobaini, kisha mtoto akaitwa mzito wa kuelewa.

Mabano kwanza, hesabu baadaye

Dawa ya kosa la 25 ni desturi moja: kila namba inayoingia mahali pa herufi iingie na mabano yake. Mahali pa x andika (5), si 5. Mtajo 2x unakuwa 2(5), na hakuna atakayeusoma ishirini na tano.

Kwa namba chanya desturi hii inaweza kuonekana ni kupoteza wino. Thamani yake huonekana namba hasi zinapoingia. Chukua x² ikiwa x = −3. Mwanafunzi asiyeweka mabano huandika −3². Kwa kanuni, kipeo hushika kile kilichokigusa tu, na hapa kimeigusa 3, si alama iliyo mbele yake. Kwa hiyo −3² ni hasi ya tisa, −9. Lakini x ilikuwa −3 nzima, namba pamoja na alama yake. Ikiingia na mabano, (−3)², kipeo hushika vyote viwili: −3 × −3, yaani 9. Mabano mawili madogo yametenganisha tisa na hasi tisa.

Chukua pia 5 − 2y ikiwa y = −4. Pasipo mabano daftari husomeka 5 − 2 − 4, na jibu linakuwa −1. Kuzidisha kumepotea kabisa, na mtoto akihakiki kutoa kwake ataona yuko sahihi, kwa sababu kutoa kwake ni sahihi kweli, amekosea kunakili. Kwa mabano: 5 − 2(−4), yaani 5 + 8, yaani 13. Katika 2x² nako, x ikiwa 3, maandishi 2(3)² yanaonyesha wazi kwamba kipeo ni cha 3 peke yake: 2 × 9 = 18. Anayezidisha kwanza hupata 36, mara mbili ya jibu.

Mfano mrefu zaidi unaonyesha mwendo mzima. Tafuta thamani ya 4a − b(c + 2)² ikiwa a = 5, b = −2 na c = 1. Mstari wa kwanza haufanyi hesabu yoyote; unaweka namba tu: 4(5) − (−2)((1) + 2)². Wa pili unashughulikia kilichomo ndani ya mabano: 4(5) − (−2)(3)². Wa tatu, kipeo: 4(5) − (−2)(9). Wa nne, kuzidisha: 20 − (−18). Wa tano, 38. Kila mstari umefanya jambo moja. Mwanafunzi anayeruka kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho akikosea, hata yeye mwenyewe hawezi kupata mahali alipojikwaa, na mwalimu mwenye madaftari mengi ya kusahihisha hana muda wa kumtafutia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Thamani ya mtajo nayo hupotea hivyo hivyo.

Nyufa za MAGAZIJUTO

Karibu kila aliyepita shule ya msingi Tanzania anaijua MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kifupisho kizuri, kinatamkika, na kimesaidia vizazi. Lakini kina ufa, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kifupisho kina silabi tano zilizopangwa kwa mstari, na mtoto huelewa kwamba kuna ngazi tano: jumlisha huja kabla ya toa kwa sababu JU iko kabla ya TO. Sivyo. Kujumlisha na kutoa ni ngazi moja, na yanapokutana, hufanywa kwa mfuatano kutoka kushoto kwenda kulia. Mama aliyeondoka nyumbani na shilingi 20,000, akanunua mboga na mafuta vya 5,000, kisha njiani akalipwa deni la 3,000, ana 20,000 − 5,000 + 3,000, yaani 18,000. Hakuna mtu sokoni atakayemwambia vinginevyo. Ila mwanafunzi anayeiamini MAGAZIJUTO neno kwa neno atajumlisha kwanza 5,000 na 3,000, atoe 8,000, na kumwachia mama huyo 12,000. Deni alilolipwa limegeuka matumizi. Mtoto huyo huyo akitumwa dukani asingefanya kosa hilo. Amelifanya kwa kutii kanuni.

Upande wa GAZI una bahati zaidi. Kugawanya na kuzidisha nako ni ngazi moja, lakini anayegawanya kwanza kila mara hafiki pabaya: 12 × 6 ÷ 3 ni 24 ukianza kushoto, na ni 24 ukianza na 6 ÷ 3. Wamarekani, ambao kifupisho chao hutanguliza kuzidisha, hawana kinga hiyo. 24 ÷ 4 × 2 ni 12, na anayezidisha kwanza hupata 3. Kwa hiyo MAGAZIJUTO ni salama katikati na ina hatari mwishoni. Mwalimu anayetamka "GAZI pamoja, JUTO pamoja, kushoto kwenda kulia" ameuziba ufa huo kwa maneno saba.

Lipo pia pengo la vipeo, ambavyo havimo katika kifupisho. Mahali pake ni baada ya mabano na kabla ya kugawanya na kuzidisha, na kwa kuwa hakuna silabi inayovitaja, mtoto huviweka popote. Halafu kuna mabano yasiyoonekana. Mstari wa sehemu ni mabano: kiasi chote kilicho juu hukokotolewa, asili yote iliyo chini hukokotolewa, ndipo kugawanya kufuate. Wastani wa alama tatu huandikwa (a + b + c) ÷ 3. Mtoto mwenye 60, 72 na 84 ana jumla ya 216 na wastani wa 72. Mzazi anayebonyeza 60 + 72 + 84 ÷ 3 kwenye simu hupata 160, wastani unaozidi mia katika mtihani wenye alama mia.

Mpito wa kwenda sekondari huongeza uzito. Mtoto wa shule ya serikali anayefika kidato cha kwanza huiacha MAGAZIJUTO pamoja na lugha yake, na kupewa kifupisho cha Kiingereza, BODMAS, ambayo baadhi ya walimu huisoma herufi yake ya pili kuwa ni vipeo na wengine kuwa ni neno "ya", kama katika nusu ya ishirini. Aliyekariri wimbo sasa anakariri wimbo mwingine katika lugha anayojifunza. Aliyeelewa kwamba kuna ngazi nne, yaani mabano, vipeo, kuzidisha pamoja na kugawanya, kujumlisha pamoja na kutoa, habadilishi chochote zaidi ya majina.

Mashine nazo zina mpangilio wake

Husemwa kwamba siku hizi simu inahesabu, kwa hiyo kanuni hizi zimepitwa na wakati. Ukweli ni kinyume. Kikokotoo kidogo cha dukani, chenye matendo manne tu, kwa kawaida hufanya kila tendo linapobonyezwa, kikifuata mkono na si ngazi. Mteja akinunua bidhaa mbili za 1,500 na tatu za 800, anadaiwa 2 × 1,500 + 3 × 800, yaani 5,400. Zikibonyezwa mfululizo kwenye kikokotoo hicho, 3,000 inaongezwa 3, kisha 3,003 inazidishwa kwa 800, na deni linakuwa 2,402,400. Simu yenye kikokotoo kinachofuata ngazi hutoa 5,400. Wenye maduka hawajifungi kwa mashine. Hukokotoa kila bidhaa peke yake na kuandika pembeni, au hutumia kitufe cha M+ kuhifadhi kila jibu dogo. Wanaweka mabano bila kuyaita mabano, na ni mwalimu gani asiyependa kuwa na mfano huo mbele ya darasa?

Hata programu kubwa hazikubaliani. Katika Excel, =-3^2 hutoa 9, kwa sababu alama ya kutoa iliyo mwanzoni husomwa kwanza kama sehemu ya namba; katika vitabu vya hisabati −3² ni −9. Karani anayetengeneza jedwali la hesabu na asijue hilo atapata jibu lenye alama tofauti, na kompyuta haitamwonya.

Mwaka 2019 swali 8 ÷ 2(2 + 2) lilizua mabishano makubwa mitandaoni, wengine wakisema 16, wengine 1. Kwa kwenda kushoto hadi kulia ni 16. Wanaopata 1 huhesabu kwamba 2 iliyogusana na mabano imefungana nayo. Lakini kosa liko kwa aliyeliandika. Angeandika (8 ÷ 2)(2 + 2), au 8 ÷ (2(2 + 2)), pasingekuwa na la kubishania. Mpangilio wa matendo ni mapatano ya waandishi na wasomaji, na mwandishi asiyeyaheshimu hawezi kumlaumu msomaji.

Kodi na mkopo

Mitajo ya aljebra huingia nyumbani bila kubisha hodi. Kodi ya mishahara Tanzania Bara, maarufu kwa jina la PAYE, ni mtajo. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, mshahara unaotozwa kodi ulio kati ya 520,000 na 760,000 kwa mwezi hulipiwa 20,000 + 0.2(x − 520,000), ambapo x ni mshahara huo baada ya kuondoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Ikiwa x ni 600,000, mabano yanatoa 80,000. Asilimia 20 yake ni 16,000. Kodi ni 36,000. Anayedondosha mabano hupata 20,000 + 120,000 − 520,000, yaani hasi 380,000, kana kwamba yeye ndiye anayeidai serikali. Anayejumlisha kabla ya kuzidisha hupata kodi inayozidi shilingi bilioni moja na nusu.

Makosa hayo yanajitangaza yenyewe. Lililo baya zaidi ni lile linalofanana na ukweli: imani kwamba mshahara ukivuka 520,000, asilimia 20 hukatwa kwenye mshahara wote. Kwa imani hiyo wapo wanaoiogopa nyongeza. Mabano yanakataa. Mtu aliyekuwa na 520,000 hulipa 20,000. Akiongezewa 10,000, hulipa 20,000 + 0.2(530,000 − 520,000), yaani 22,000. Nyongeza imempa 8,000 mkononi. Asilimia 20 imegusa kilichomo ndani ya mabano, na ndani ya mabano mna ziada tu.

Mikopo ya mtaani inahitaji macho zaidi. Mkopo wa 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, usiporejeshwa kitu kwa miezi n, unaweza kuwa na maana mbili. Riba ya kawaida ni 100,000(1 + 0.2n). Riba juu ya riba ni 100,000(1 + 0.2)ⁿ. Kwa jicho la haraka mitajo hiyo inafanana: namba zile zile, mabano yale yale, herufi ile ile. Katika wa kwanza n imo ndani ya mabano na inazidisha. Katika wa pili imepanda juu, imekuwa kipeo cha mabano yote. Ikiwa n = 6, wa kwanza ni 100,000(1 + 1.2), yaani 220,000. Wa pili ni 100,000 × 1.2⁶, yaani takriban 298,598. Mwaka ukitimia, n = 12, wa kwanza ni 340,000 na wa pili ni takriban 891,610. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na ukubwa wa matanga hapa unategemea mahali herufi moja ilipokaa.

Mkopeshaji anapotaka kumshawishi mteja, mfano anaoutoa mara nyingi ni wa mwezi wa kwanza. Katika mwezi huo n ni 1, na mitajo yote miwili hutoa 120,000. Mkopaji anayetaka kujua anaandikishwa upi anaweka n = 2 na kuuliza jibu la mwezi wa pili: likiwa 140,000, ni riba ya kawaida; likiwa 144,000, herufi imekaa juu.